Farasi wa Bure

Imeletwa juu ya magunia ya omena,
injini ya boti, silinda nane,
imefungwa kamba kama mbuzi wa mahari,
na uchochoro wetu wa Kariobangi ukanuka ziwa siku tatu.
Watoto wa mchomeleaji wakauliza: boti yenyewe iko wapi?
Boti iko Mbita.
Hapa umekuja uzito tu.

Mwenyewe, Rading', alishuka na karatasi ya daftari
yenye nambari moja: mia tatu.
Ana farasi mia mbili na thelathini. Anataka mia tatu.
"Syombua, nipanulie silinda, nitilie kamshafti kali,
nimechoka kula mapovu ya Atito."
Sikuuliza Atito ni nani.
Kila mteja ana Atito wake.

Nikaifungua.
Gasketi zimeungua kama chapati ya mgeni,
njia za maji zimejaa tope la kijani,
na konokono mmoja, mkavu, aliyesafiri bila nauli.
Nikapindua bloku. Nikapangusa kofia za beringi kwa mafuta taa.
Kofia ya kwanza, nukta moja. Ya pili, mbili.
Ya tatu, tatu,
lakini ile ya mwisho imekwenda upande, imepanda ukingo,
kama mtu aliyeshtuliwa akiandika.

Naijua nukta hiyo.
Niliigonga mimi, Enterprise Road, nina miaka kumi na tisa,
Bhamra amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai,
nami naogopa kikombe kuliko nyundo.
Hakunigombeza. Alipuliza chai yake.
"Chuma hakifutiki," alisema. "Sasa utaikumbuka."
Nilikuwa nimeisahau, kwa kweli. Hata sauti yake.

Basi nilijua kabla maikromita haijasema:
silinda hizi tulishazipanua.
Nyama yake tuliila mwaka ule, mimi na yeye,
limebaki ganda.
Toa tena unene wa ukucha
na maji ya ziwa yataanza kunong'ona ndani ya oili.

Nikampigia Rading'.
Nikamwambia: gari likipanda Limuru, litashuka,
litapumua, na fundi atasamehewa.
Boti haina mteremko.
Maji ni mlima kutoka gati hadi gati,
na hao farasi unaowaongeza watapanda kutwa nzima
kwa konrodi zilezile, krenkshafti ileile,
na propela uliyoazima kwa shemeji.

Kimya. Nikasikia kuku wake, na redio.
"Kwa hiyo Atito?"

Nikampa nilicho nacho.
Slivu nane mpya, kipenyo cha kiwandani.
Valvu nikazisaga kwa mkono
mpaka petroli ikalala juu yake usiku kucha bila kudondoka.
Kabureta nikaiosha, nikaiosha tena.
Labda ishirini watatoka humo,
walikuwa wamesinzia tu.
"Na kumi na wawili wengine nakupa bure,
ila siwezi kuwafunga hapa."
Kwa kuwa Nairobi iko juu,
hewa yetu nyepesi kama supu ya mwisho wa mwezi,
injini hapa inashiba robo tatu.
Ishushe ziwani. Watakuja wenyewe.
"Sasa unaniuzia hewa?"
"Nimesema bure."

Jumamosi tumeiwasha.
Mpira wa maji tumeazima kwa waosha magari,
pipa la bluu limepokea moto wake.
Ikaguna, ikakohoa, ikatema moshi mweupe,
kisha ikashika sauti nene
hata spana zilizotundikwa ukutani zikaanza kugongana.
Konokono nimemweka dirishani.

Nilitamani, kabla ya kufunga, kugonga nukta nyingine kando,
iliyonyooka, ya fundi.
Lakini nne ni nne.
Ningempoteza atakayeifungua baada yangu.
Nikarudisha kofia ya tatu na makosa yake,
nikakaza, nikasikia rinchi ikilia tiki,
nikakaza ya nne.